Betri Chini ya Mawese

Baiskeli ilirudi imepakwa rangi mpya ya kijani, na aliyekuwa akiisukuma ni baba wa marehemu.

Asmani aliitambua kabla haijaingia chini ya bati la karakana yake. Rangi inafunika chuma, haifuniki harufu. Mawese yakiungua pamoja na mpira yanaacha kitu puani, na tangu Clever azikwe, Asmani hawezi kugusa maharage ya mawese ya nyumbani kwake. Mkewe Hadija sasa anachemsha tu, anatia chumvi, wala haulizi.

"Amahoro, fundi," alisema mzee Tadeo.

"Amahoro, muzee. Karibu, keti."

Mzee hakuketi. Aliushika usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika mbuzi wa watu sokoni.

"Madamu amenipa nafasi ya mutoto," alisema. "Betri mupya iko mu gunia. Anasema uifunge pale pale."

Pale pale! Asmani akaitazama keria, akaangalia pembeni.

Tangu esansi, yaani petroli, ikauke mjini Rumonge, pikipiki zimelala majumbani, mawese ya Minago yakawa hayana wa kuyaleta mjini. Madamu Benedicte, mwenye mashine ya kukamulia kule na duka huku, akanunua mota za baiskeli, akampa Asmani azifunge. Bati la Asmani limeegemea ukuta wa duka hilo hilo. Ya kwanza, ya Clever, aliifunga inavyotakiwa: sanduku la chuma katikati ya fremu, kati ya magoti ya mwendeshaji, ndani mpira wa tairi kuukuu, betri isigongwe na mashimo ya barabara, matundu ya hewa, waya umevishwa mpira, fyuzi karibu. Alipomaliza aliitikisa kwa nguvu zake zote. Kimya, hakuna kilichogonga. Alijisifu siku ile, na alistahili.

Sanduku halikumaliza wiki. Wanaume wa bariyeri, kile kizuizi barabara inapotoka Minago, waliliona. Chombo chenye mota kina ushuru wake, walisema. Risiti hakuna, ila kila kinapopita, kiache kitu. Madamu hakugombana nao. Nani anagombana na bariyeri? Alikuja kwa Asmani.

"Toa hiyo. Weka kwa keria, funika na gunia, juu yake bidoni za mawese. Wataona baiskeli ya kawaida tu."

"Madamu, itabanwa na kukosa hewa. Itashika moto."

"Baiskeli ni ya nani?"

Asmani aliifunga. Na baada ya siku chache Clever alisimama hapa hapa, jasho likimtiririka, meno yote nje kama kawaida yake.

"Fundi, tia mukono hapa. Iko na moto."

Asmani alitia kiganja, akakitoa upesi. "Ondoa gunia, ipumue."

"Na bariyeri je?"

Walitazamana, wakacheka, kwa sababu la kufanya lingine halikuwepo.

"Basi ikiwaka, ruka. Achana na mafuta."

"Ndiyo, fundi."

Hakuruka. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala wa ziwani kando ya barabara walisimulia. Moshi ulitoka chini ya bidoni. Wakampigia kelele akimbie. Akawajibu kwamba mafuta ni ya madamu, yakipotea atakatwa yeye mshahara. Akaanza kuhangaika na mafundo ya mipira iliyofunga bidoni. Bidoni ya kwanza akaiteremsha. Ya pili akaiteremsha. Ya tatu ilikuwa imeshatoboka.

Bidoni mbili zilipona. Madamu alileta jeneza, zuri, la mbao ngumu, na bidoni moja kati ya zile akaitoa ipikiwe waombolezaji. Asmani alikula sahani nzima, akaomba na pilipili. Ndipo aliyekaa naye akamnong'oneza mafuta yale yametoka wapi.

Lo! Hata sasa, akikumbuka, anatema mate.

Aliinama, akalivuta lile sanduku kutoka chini ya meza. Lilikuwa na vumbi, lakini mpira wa ndani ulikuwa mzima.

"Muzee, niache niiweke katikati."

Tadeo alilipapasa sanduku, akaingiza vidole kwenye matundu. "Hii ndiyo ile ya kwanza?"

"Ndiyo hii."

"Ni nzuri." Akalirudisha taratibu juu ya meza. "Na kwa bariyeri utanilipia wewe?"

Asmani alilifuta sanduku vumbi.

"Tulikaa kambi ya wakimbizi Tanzania mpaka Clever akawa kijana," mzee aliendelea. "Tumerudi, shamba letu lina watu wengine. Keren, mujane wake, yuko nyumbani na kichanga cha marehemu mgongoni. Nisipoendesha, wale nini?"

"Basi mushitaki huyu mama! Mutoto wako ameungua!"

"Polepole, fundi." Mzee aliangalia mlango wa duka. "Mutu amekuzikia mutoto, na jeneza ametoa yeye. Utamwendea na kesi? Watu wataniona mimi ni nani?"

Mlango ule ulifunguka. Madamu Benedicte alitoka akijifutia mikono kwa kitenge, akaliona sanduku.

"Asmani, nilisema hiyo itupwe."

"Madamu, huyu ni mutu muzima. Angalau yeye..."

"Clever alikwenda kwa siku yake. Siku ya mutu anaijua Mungu. Si ndiyo, muzee?"

"Ndiyo, madamu," alisema Tadeo.

"Kama kazi imekushinda, Asmani, mafundi wako wengi, na ukuta huu wataupenda."

Asmani akachukua spana. Alichoweza alikifanya: waya aliuvisha mpira mara mbili, fyuzi akaweka. Betri akailaza kwenye keria, akaibana. Ilikuwa mpya, ya baridi, haijawahi kuzungusha mota, lakini alipoigusa kiganja kilishtuka kikarudi chenyewe. *Tia mukono hapa.* Aligeuka. Hapakuwa na mtu nyuma yake, ila barabara na ziwa. Akaifunika gunia haraka, kama watu wanavyofunika uso.

Madamu aliagiza bidoni tatu tupu zipakiwe, aone kama kweli hakuna kinachoonekana. Hakikuonekana kitu.

"Muzee," Asmani alianza, "ikiwaka..."

"Najua. Clever pia ulimwambia." Mzee alikuwa ameinamia mipira ya kufungia, anaikagua. "Nisaidie kitu kimoja, mwanangu. Mutoto alikaza mafundo sana, ndiyo yalimchelewesha. Nifungie fundo la kufunguka kwa mukono mumoja."

Moyo wa Asmani ukatulia kidogo. "Vizuri, muzee. Upate kuruka."

"Hapana," alisema Tadeo. "Zipate kushuka zote."

Asmani alimfungia. Fundo la kwanza lilikaza, akaanza upya. Mzee akavuta ncha ya mpira, bidoni ya kwanza ikaanguka, akainyanyua, akairudisha.

"Ona sasa," alisema madamu kutoka mlangoni. "Muzee ana akili."

Tadeo alijaribu tena. Alitoa moja, akaiweka kando polepole isimwagike, ingawa ilikuwa tupu. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Alizipakia, akarudia, na kila mara alikuwa mwepesi zaidi. Mwishowe bidoni zote zilikuwa chini, zimepangwa mbali na baiskeli, salama kabisa, na yeye bado amesimama palepale, tumbo limeegemea gunia lililofunika betri.