Masikio ya Kogo

Printa ilivuta karatasi, ikakwama kidogo, ikaendelea. Jemutai aliomba kimoyomoyo stima isipotee. Nyuma yake, Mzee Joash, kaka mkubwa wa marehemu babake, alikuwa amekataa kiti.

"Hii mashine yako inangoja nini?"

"Inakuja pole pole, Uncle. Hii ni ya kujaribu tu. Ile kubwa ikishatoka huko mjini, hatuwezi kuirudisha."

Kesho Kogo, nyanya yake Jemutai na mamake Mzee Joash, angezikwa Sugoi, na picha yake ya ukubwa wa mlango ingesimama kando ya jeneza. Studio ya mjini ilikuwa inangoja faili kabla haijafunga. Jemutai akafanya anavyofanya siku zote katika chumba chake cha kupanga huku Kapseret: alichapa kwanza kwenye karatasi ndogo. Kwenye kompyuta kila mtu hupendeza, lakini karatasi haina adabu. Na picha kubwa ni maji, yakimwagika hayazoleki.

Shida ilikuwa masikio. Kogo alitobolewa akiwa msichana, ndewe zikapanuliwa kwa vijiti hadi zikaning'inia karibu na mabega. Wenzake walipookoka walienda hospitali kushonwa. Yeye aliokoka na ndewe zake, na akitaka kukamua ng'ombe alizikunja akazitundika juu ya sikio, kama mtu anayepandisha mikono ya shati. Sasa Mzee Joash, mzee wa kanisa, alitaka zifutwe pichani. Ndiye aliyemlea Jemutai tangu babake afariki, na mwenye nguvu mpishe.

"Askofu atakaa pale mbele," alikuwa amesema kwa simu asubuhi. "Sitaki watu waangalie masikio badala ya kusikiza neno."

Jemutai alizifuta. Aliifanya kazi safi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lakini kabla mzee hajafika, alikuwa amechapa pia picha ile halisi, bila kuambiwa, akaibandika ukutani. Sasa mzee alikuwa akiitazama.

"Nilikuambia nini kuhusu hiyo?"

"Nilitaka uone zote mbili, Uncle."

"Nimeiona."

Printa ikatema karatasi. Mzee Joash aliinyakua na kuipeleka mlangoni penye mwanga. Jemutai alingoja asifiwe au agombezwe, na hakujua lipi lingemuumiza zaidi. Mwanamke wa kwenye karatasi alikuwa na kitambaa cha Kogo na tabasamu la Kogo, lakini angeweza kuwa mama wa boma lolote. Mzee aliisogeza karatasi karibu na macho.

"Akinibeba mgongoni," alisema, "nilikuwa nashika hapa. Bila hivyo nilikuwa silali."

Akaweka kidole gumba chini ya sikio la pichani, pale pasipokuwa na kitu, akakivuta kuelekea begani.

"Uncle, wino haujakauka."

Alikuwa amechelewa kumwambia. Mzee aliinua kidole kikiwa cheusi. Kwenye picha, doa refu lilishuka kutoka sikioni hadi begani.

"Imeharibika," alisema.

Jemutai alijua kwamba kilichoharibika ni karatasi tu. Faili ilikuwa salama ndani ya kompyuta, na angeweza kuchapa nyingine mzee akiwa amesimama pale pale. Mzee naye alijua. Si mjinga, na alikuwa ameelezwa kazi ya karatasi ya kujaribu. Jemutai alifungua mdomo kusema, akaona jinsi mzee alivyoyakwepa macho yake, akaufunga.

"Imeharibika kabisa," Jemutai alimuunga mkono.

"Sasa tutafanya nini? Tuma hiyo ya ukutani."

Jemutai aliituma mara moja, akihofia kwamba mzee angebadili nia. Alipogeuka, Mzee Joash alikuwa amekaa kwenye kiti hatimaye, kidole chake amekiweka mbali na shati lake jeupe. Jemutai alimpa kitambaa ajipanguse. Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kukitazama kile kidole cheusi.