Mto Usio na Mwamuzi

Mto wetu hauna mwamuzi. Kila sikukuu ya mashua za joka, kijiji cha Tingpo na kijiji cha Suibe, kila kimoja na ukingo wake, hushusha mtoni mashua yenye kichwa cha joka, na hakuna filimbi wala bunduki ya kuanzisha mbio. Kila mashua ina mpiga upatu anayesimama omoni, mbele kabisa. Mashua zikifika sambamba kwenye kamba ya kuanzia na mpiga upatu akaridhika, anapiga. Wakipiga wote wawili, mbio zimeanza. Mmoja asipopiga, mashua zinarudi kuanza upya, na hairuhusiwi kumwuliza kwa nini. Baba zetu waliamini kwamba mungu wa mto anaona moyo wa mpiga upatu, na hilo linatosha. Mimi naamini hivyo mpaka leo.

Mpiga upatu wa Tingpo ni mdogo wangu wa kiume, Guan. Mwaka huo Mzee Pan wa Suibe, aliyepiga upatu wao miaka yote, alianguka shambani kwake akavunjika nyonga. Tukasikia kwamba mwanawe wa kiume, Shun, anarudi kutoka mji wa bandari wa Kaohsiung kushika nafasi yake.

Niliposikia jina hilo nilikuwa nafunga wali wa kunata kwa majani ya mianzi, na uzi ukanikatikia mkononi.

Guan na Shun walikua wakivuka daraja kutwa nzima, huyu akila kwa huyu, huyu akilala kwa huyu. Walipokuwa vijana, urafiki ule ukawa mapenzi. Sisi wa nyumbani tuliona, tukanyamaza. Halafu siku moja ya sikukuu mtu akawakuta nyuma ya hekalu wameshikana mikono, vidole ndani ya vidole. Vijana wa pande zote mbili wakawazunguka hapo hapo ukingoni, mbele ya watu. Mmoja akauliza, "Shun, huyu ni nani wako?"

Shun akacheka. "Huyu? Ananifuata tu kama mbwa. Hata simjui vizuri."

Kabla ya mavuno akaenda kuchomelea meli Kaohsiung, bila kuaga. Guan alibaki. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimwachia chakula mlangoni na kukikuta pale pale kimepoa. Nilimwomba mungu amwondolee mdogo wangu mtu yule moyoni. Hakumwondolea. Nilidhani hajanisikia.

Wiki ya sikukuu Shun akaja dukani kwetu. Alikuwa amekomaa, mikono imejaa alama za cheche.

"Dada Siok, za siku nyingi."

"Za siku nyingi umezileta wewe mwenyewe," nilimjibu.

Guan akatokea jikoni, aproni imelowa. Alimtazama kana kwamba ni mteja.

"Unataka wa nyama au wa karanga?"

"Nataka kuongea na wewe."

"Hapa tunauza wali."

"Guan, tafadhali. Usiku, pale darajani, watu wakishalala..."

"Unamsikia, dada? Watu wakishalala!" Guan aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Ulinikana mchana kweupe, leo unataka kuniomba msamaha gizani. Mimi ni paka wa jalalani, nije gizani kuokota mabaki?"

"Nimekosa. Sijawahi kumpenda mtu mwingine. Nataka turudiane. Niambie nifanye nini."

"Uliulizwa swali ukajibu. Jibu lako ndilo watu wanalo mpaka leo. Kama una jingine, unajua walipo." Akanigeukia. "Dada, mfungie wa karanga, tusimnyime."

Shun aliondoka na wali mkononi. Usiku huo nilimsikia mdogo wangu akitembea chumbani, na nilijua angali anampenda. Nilijua pia kwamba asingekubali tena kupendwa kwa siri. Nikawasha ubani, nikamwombea Shun ujasiri. Sikuwahi kumwombea yule mtu jambo lolote jema kabla ya hapo.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali. Kingo zote mbili zilijaa miavuli. Mzee Pan alikaa kwenye kiti cha magurudumu, bakuli la karanga za kuchemsha mapajani.

Mashua zikaja, zikafika kwenye kamba sambamba kabisa. Shun akapiga upatu. Guan hakupiga.

Zikarudi. Zikaja tena. Shun akapiga. Guan aliiacha nyundo ining'inie.

"Mshika usukani wenu anajipenyeza kama panya ghalani!" watu wetu wa Tingpo wakawapigia kelele Suibe.

"Kalaleni huko! Macho yenu ndiyo yamepinda!" walijibu Suibe.

Walibishana juu ya upana wa kiganja. Suibe wakabadilisha mshika usukani. Guan hakupiga. Wakaleta mwanzi mrefu, wakaulaza juu ya pua za joka zote mbili, ukakaa sawa kama meza. Guan hakupiga. Mwishowe Suibe, kwa hasira, wakarudisha mashua yao nyuma nusu nzima ya urefu wake ili tukose la kusema.

Hakupiga.

Sasa wapiga makasia wake wenyewe wakamgeukia. "We Guan! Wamekaa nyuma yetu! Hata hilo hulitaki?"

"Hairuhusiwi kuuliza," alisema Guan.

"Samaki wangu ataoza kikapuni," alilalamika bibi mmoja jirani yangu. "Wazazi wetu hawakuwa wasumbufu hivi."

Vijiji viwili vilikuwa vinagombana kuhusu mbao na maji. Watu watatu tu mtoni pale tulijua kwamba ugomvi haukuwa wa mashua. Nilishika kijiti changu cha ubani kwa mikono miwili. Nilimtazama Shun.

Aliweka nyundo chini. Akapanda juu ya shingo ya joka, akasimama.

"Watu wa Tingpo! Watu wa Suibe!" aliita. "Niliulizwa hapa, mbele yenu, Guan ni nani wangu. Nikasema simjui. Nikamwita mbwa. Nilikuwa naogopa mtanicheka, kwa hiyo nikawatangulia kumcheka yeye. Ule ulikuwa uongo. Namjua kuliko ninavyojijua. Nampenda. Nilimpenda siku ile na nampenda leo, na akikubali nitaishi naye mchana, mlango wazi. Haya, chekeni."

Hakuna aliyecheka. Kengele ya hekalu ilisikika ikigongwa na upepo. Kisha Mzee Pan akainua mkono.

"Shun!"

Tulishikwa na baridi sote. Mzee yule alikuwa na ulimi mkali.

"Ongea kwa sauti!" alifoka. "Huku nyuma tumesikia nusu tu!"

"Nampenda Guan, baba!" Shun alipayuka, na nyumba za ukingoni zikaitikia.

"Ahaa," alisema mzee, akamenya karanga.

"Basi ni hilo tu?" bibi wa samaki alipiga paja. "Mmetuanika juani kwa jambo ambalo kila mtu analijua tangu walipokuwa wakipangusana makamasi?"

Hapo watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha jamaa waliofungua mlango. Mtu akapiga makofi, ukingo wa pili ukajibu.

Nilikuwa namtazama mdogo wangu tu. Moto wa ubani ulifika kwenye vidole ukaniunguza, sikuuachia. Guan alijifuta uso kwa mkono wa shati, mara moja, mara nyingine.

"Mashua yenu iko nyuma," alimwambia Shun. "Isogezeni mbele. Mimi sitaki mtu wa nyuma yangu. Nataka wa kando yangu."

Suibe wakasogea. Pua kwa pua. Patu mbili zikalia kwa mpigo mmoja, na mto mzima ukanguruma.

Sijawahi kuona mbio kama zile. Maji yaliruka hadi kwenye miavuli, ngoma za ukingoni zikarindima, mimi na bibi wa samaki tukashikana na kurukaruka kama wasichana. Mashua zilipita kwenye bendera za kumalizia zikiwa zimekaribiana kiasi kwamba makasia yaligongana, na kabla hazijasimama Guan akaruka. Akatua kwenye mashua ya Suibe, ikayumba, watu wakamtukana, naye akamkumbatia Shun kwa nguvu mpaka nikaona upatu unadondoka majini. Akambusu pale pale, jua la saa sita likiwawakia.

"Abiria haramu huyu!" walipiga kelele wapiga makasia. "Ana uzito wa gunia!"

Waliwashusha mbele ya kiti cha Mzee Pan. Guan akainamisha kichwa mpaka magotini. Mzee alimkagua taratibu.

"Umekonda," alisema. "Zamani ulikuwa unanimalizia chakula changu. Kaa ule."

Mimi nilikuwa nimeshavuka daraja nakimbia, nikilia na kumshukuru mungu kwa sauti, watu wakinipisha. Nilipofika, bibi wa samaki, aliyenifuata kwa nyuma, alikuwa anauliza kila mtu, "Lakini nani ameshinda?"

"Tingpo!" walijibu wetu.

"Suibe!" walijibu wale.

Guan, karanga zimemjaa mdomoni, alishika mkono wa Shun akauinua juu kadiri ulivyoweza kufika.