Kibonde cha Upande wa Ukutani

Mtaa mzima ulimwita Pono, na jina hilo hakulipata bure. Enzi zake, fundi huyu wa magodoro alikuwa akimaliza kushona godoro la mteja anajilaza juu yake adhuhuri kweupe, miguu nje ya mlango, akikoroma. Ukimwamsha, anakwambia anajaribu mali. Mkewe ndiye aliyemtetea kwa wateja: mwacheni, mtu aliyelala vizuri mshono wake hauendi upande.

Tangu mkewe afariki, Pono hakupata hata lepe la usingizi. Uso ulimsawijika, mikono ikawa inatetemeka, na shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, ilimchoma viganja mpaka ikawa aibu kwa fundi mzima. Siku moja akaanguka kutoka kwenye kigoda chake. Daktari akampima kila kinachopimika, mwisho akamwambia moyo umeanza kuchoka kwa kukesha na dawa yake haiuzwi dukani: alale, ama sivyo atamfuata mkewe. Pono akaitikia, ndiyo daktari, kama mtoto anayeambiwa anawe mikono.

Asichomwambia daktari, wala binti yake, ni kwamba kitandani halali. Alijikunja kwenye kiti cha mbao, shingo imepinda, kama huko nako ni kulala. Godoro lao lilikuwa la pamba, na pamba hukumbuka. Upande wa ukutani mkewe alikuwa ameacha kibonde: bega, kiuno, goti alilolikunja miaka yote ya ndoa yao. Fundi aliijua kazi yake. Akijigeuza pale akiwa usingizini, pamba itasogea na kibonde kitapotea. Wengine wana picha za wafu wao, yeye alikuwa na kibonde. Ujinga? Haya, ni ujinga, lakini anayeucheka hajazika mke.

Binti yake, aliyerudi nyumbani tangu msiba, aliona jambo moja tu: baba anakwisha. Pono alipokwenda kupimwa tena, binti alilitoa godoro uani, akaufumua mshono, akaichambua pamba donge kwa donge, akaianika juani, akaijaza upya na kushona. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake tangu mdogo: mtu halali, tazama kwanza godoro lake.

Pono aliporudi alilikuta limetandikwa, limetuna, limenyooka kama meza. Akapitisha kiganja upande wa ukutani. Akapitisha tena.

"Nimekutengenezea, Baba," binti alisema. "Lilikuwa limebonyea vibaya upande ule. Leo utalala."

Hasira ilimpanda. Akamgeukia binti na neno mdomoni, neno ambalo likimwagika halizoleki, ndipo akayaona macho yake. Yalikuwa mekundu, yamezama, na vidole vyake vimetobolewa na sindano kama vya baba yake. Kumbe naye halali. Angelalaje, ilhali anamsikia baba yake akikesha?

"Mama yako alikuwa amebaki pale," alisema taratibu.

Binti alilitazama godoro, akaelewa, akaketi sakafuni. Pono alimshika mkono, akamwambia hana kosa, na mshono ule yeye mwenyewe siku hizi asingeuweza. Wakakubaliana: baba atalala, kwa sharti mtoto naye akalale. Pono alisubiri mpaka kilio cha binti chumba cha pili kikageuka pumzi za usingizi. Kisha akajilaza upande wa ukutani, kwani hapakuwa tena na cha kuogopa kuharibu.

Alipoamka, jua la siku ya pili lilikuwa limeshapanda. Mikono ilikuwa imetulia. Shingo haikumuuma, kichwa kilikuwa chepesi, na tumbo lilimdai chakula. Hapo ndipo Pono alipolia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakukilia, kwa sababu mwili wake ulikuwa umekubali kuishi bila mkewe, wala haukumuuliza yeye.