Mashine Mbili Chini ya Meza

...maana hata mtu akiuliza akiwa Ujerumani, jibu linatoka hapa, mezani kwangu, Humphrey anajiambia, kidole kiko juu ya kitufe na hakibonyezi, na nyuma yake Mama Honorata, mwenyekiti wa wakulima wa tangawizi wa Myamba, aliyeshuka Same asubuhi juu ya magunia ya lori, anasimulia utelezi wa barabara ya Mhezi, naye anaitikia ndiyo mama, ndiyo, bila kusikia, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta kuna nafasi mbili tupu, za majina ya mashine mbili zitakazomjibu kila anayeuliza tovuti ya chama iko wapi, na aandike zipi, hizi zake zinazonguruma chini ya meza, au zile za kampuni ya Ulaya ambayo hajui hata mlango wake unatazama wapi... watu baki, na baba je, si alipeleka kahawa kwa watu baki, wakaja wakasema sasa ni soko huria, ushirika umefilisika, kahawa imeozea ghalani, na baba, Mzee Nathanaeli, akang'oa mibuni yote, mmoja mmoja, kisha jioni akala ugali kama kawaida, na kule kula kwake ndiko kulikomtisha Humphrey kuliko mibuni, chetu kikae kwetu, ndivyo Humphrey alivyowaambia wajumbe wa chama mwaka jana, nao wakapiga makofi, ee Mungu wangu, makofi yale... halafu mgao wa umeme ukaingia. Tovuti yenyewe ilikuwa nzima, inakaa Dar, picha za tangawizi zipo palepale, ila wa kuelekeza watu hakuwepo, jina likiulizwa, kimya, mpaka mnunuzi Mjerumani akampigia Mama Honorata kuuliza kama chama kimekufa. Kimekufa! Na utaratibu ulitaka mashine mbili, sehemu mbili tofauti, moja ikizimika nyingine ijibu, naye akazichomeka zote mbili kwenye soketi moja, akaziita Shengena na Chome, majina ya mlima na kijiji, ili zionekane ziko mbalimbali, msomi gani huyu, zikazimika pamoja kama mapacha... “Yule Mjerumani amesema akitukosa tena anakwenda kwa wengine,” Mama Honorata anasema, na hilo Humphrey analisikia lote, msimu mzima wa Myamba umo ndani yake, lakini kampuni ya Ulaya nayo ikifunga mlango? Baba alikabidhi kahawa yenyewe. Kahawa ilitoka shambani ikaenda. Hapa kinachotoka ni nini... mgeni akishuka sokoni Myamba akauliza kwa Mzee Nathanaeli, anayemwonyesha njia ni Lukia muuza chumvi, na nyumba haijawa ya Lukia hata siku moja, na jina la tovuti limeandikishwa kwa chama, kikiwachoka hao wa Ulaya kinahamia kwa wengine asubuhi, basi unaogopa nini, Humphrey, unaogopa nini hasa... Balbu inapepesa. Sikio lake linakimbilia jenereta kule uani, na moyo unaruka, na aibu inampanda mpaka masikioni kwa sababu moyo haukuruka kwa hofu. Ulifurahi. Umeme ukikatika ndipo wote wanaita Humphrey, Humphrey yuko wapi, naye anakimbia na dumu la petroli, mtu wa maana, na bila hizo mashine yeye ni nani, kijana wa Myamba mwenye cheti kwenye bahasha, na mama kule nyumbani mguu umevimba, Priska dada yake anamtumia salamu kila lori likishuka, njoo umwone mama, naye kila mara anajibu siwezi kuziacha mashine, siwezi, kumbe ni yeye ndiye asiyetaka kuachwa... “Humphrey, mwanangu,” Mama Honorata anasema, sauti ya chini, hana haraka, “siku ukiugua wewe, nani atajibu?” Nafasi mbili bado tupu, kidole bado kiko juu ya kitufe, barabara ya Mhezi bado ina utelezi na mama yuko mwisho wake, balbu inapepesa tena, inafifia, na Humphrey, kwa mara ya kwanza tangu alete mashine hizi, anajikuta anaiombea isizimike.