Ngiri ya Mia Moja

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, sista wa chumba cha upasuaji alibandika orodha mlangoni kwa plasta, kisha akachukua kalamu nyekundu na kufuta majina yote manne. Dawa ya usingizi haikuja. Daktari mwanafunzi akavua glavu. Ili aitwe bingwa, Wizara ilitaka daftari lake lioneshe ngiri mia moja alizopasua. Alikuwa na tisa.

Ndipo akaingia fundi cherehani aliyefariki mwezi wa tatu akiwa kwenye foleni. Alivua viatu, akalala mezani, akasema ngiri yake bado anayo na dawa ya usingizi haihitaji. Sista alimwomba kadi.

Wiki iliyofuata walikuja marehemu saba. Profesa msimamizi wake, ambaye hushinda kwenye kliniki yake binafsi, alisaini kurasa za daftari bila kuzisoma. Wizara ikaleta waraka wa pongezi: wagonjwa wasiotumia damu, oksijeni wala kitanda watangulizwe. Walio hai wasubiri.

Baba wa daktari mwanafunzi alikuwa hai, namba mia nne na kumi na mbili kwenye foleni. Kila Ijumaa binti yake alimwendea profesa kumwombea nafasi.

"Mzee wako ana kasoro moja tu," profesa alimwambia mara ya mwisho. "Bado anapumua."

Ngiri ya mzee ilibana Jumapili katikati ya ibada. Jumatano wakamzika. Alhamisi jina lake lilikuwa la kwanza mlangoni, naye alifika mapema, suti aliyozikwa nayo ikiwa haina kunyanzi.

"Umekula lakini, mwanangu?"

"Nimekunywa chai, baba. Lala chali."

Binti alisali kama kawaida yake, akakata. Damu haikutoka, hakuwa ameiona tena tangu ile ngiri ya tisa. Alipomaliza, mzee aliinua kichwa akautazama mshono kwa muda mrefu.

"Umenyooka," alisema. "Ungenifaa mwezi uliopita."

Sista akapiga muhuri: ngiri ya mia moja, mgonjwa hana malalamiko. Profesa akasaini akiwa ndani ya gari.

Nje, kwenye benchi, namba mia nne na kumi na tatu alisimama, ameshika kinena, akauliza kama sasa ni zamu yake. Sista alikitazama kifua chake kikipanda na kushuka.

"Bado, mjomba," alisema, akafunga mlango.