Jina Lililoisha Muda

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, kibao cha shaba kwenye mlango wa ofisi kilikuwa na maneno mawili tu: Mpimaji Ardhi. Mstari wa juu, uliokuwa na jina la mwenyewe, haukuwepo. Haukuwa umekwanguliwa wala kupakwa rangi. Shaba ilikuwa laini mahali pale kana kwamba haijawahi kuchongwa kitu. Mpimaji alipitisha kidole, akatoa leso, akafuta vumbi, akaingia kazini.

Mpokezi, mama wa makamo aliyekaa kwenye meza ile tangu ofisi ifunguliwe, alimwamkia kama kawaida, kisha akasita. Alifungua mdomo amwite, mdomo ukabaki wazi, akaufunga. Akasema, "Bwana Niandikie, chai yako iko mezani." Hilo ndilo jina la utani ambalo wafanyakazi walimwita akiwapa kisogo. Asubuhi hiyo halikutoka jingine, na hakuna aliyecheka.

Jina la utani lilikuwa na asili yake. Miaka minne nyuma mpimaji alijisajilia kikoa chake mwenyewe mtandaoni, yaani ile sehemu ya anwani ya baruapepe inayofuata alama ya "at". Kikoa hicho kilikuwa jina lake kamili, lake na la baba yake, bila nukta wala tarakimu. Aliwacheka wenzake waliotumia anwani za makampuni makubwa. Hao ni wapangaji, alisema. Siku mwenye nyumba akibadilisha kitasa watalala nje. Yeye amepata kiwanja, amejenga. Tangu hapo alihamishia kila kitu pale: benki, bima, leseni ya kazi, wateja, na mwisho familia. Simu aliacha kupokea. Mkewe akianza kumweleza jambo wakati wa kula, mpimaji aliinua kijiko na kusema, "Niandikie." Mkewe aliandika akiwa jikoni, na jibu lilimfikia sufuria haijaepuliwa: Nimepokea. Nitakujibu nikipata nafasi. Lilijituma lenyewe. Mpimaji alikuwa ameliandika mara moja, nalo likawa linawajibu wote. Aliyelipata mara nyingi zaidi ni binti yao wa pekee, muuguzi katika nchi ya mbali.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kikoa husajiliwa kwa muda, na muda ukikaribia kwisha msajili humkumbusha mwenyewe kwa baruapepe. Mpimaji alikuwa amempa msajili anwani iliyo ndani ya kikoa kile kile, maana hakuwa na nyingine wala hakutaka kuwa nayo. Tena, kwa kuwa hakupenda kusumbuliwa, alikuwa ameagiza kila ujumbe unaoanza na "Mpendwa mteja" utupwe bila kusomwa. Muda ukaisha, baruapepe zikakatika. Alifurahia kimya kile, akidhani watu hatimaye wamejifunza. Onyo la mwisho lilitumwa kwenye nyumba ambayo ufunguo wake ulikuwa umefungiwa ndani. Jina likatangazwa kuwa liko wazi, na mtu mwingine akalichukua.

Nyumbani, mkewe alikuwa ameshajua. Alisema amejaribu kumwita tangu jana na halitoki. Akifika penye jina ulimi unateleza. Kwa hiyo akaanza kumwita Nanihii. Kwenye kitambulisho picha yake ilikuwepo, na mbele ya neno "Jina" palikuwa na weupe. Vyeti ukutani vilisema kwamba chuo kinamtunuku, kisha vikaendelea na tarehe. Aliwapigia simu watu aliokuwa hajawapigia kwa miaka, wa kwanza mama yake. Mama alikumbuka uchungu wa kumzaa, mvua ya siku hiyo na mkunga mwenye mkono mzito.

"Nilikupa jina, mwanangu," alisema. "Nakumbuka kabisa nilikupa. Sasa sijui wewe umeliweka wapi."

Msajili wa vikoa alipokea simu kwa adabu. Alieleza kwamba malalamiko yanasikilizwa, ila kwanza mlalamikaji athibitishe kuwa ni yeye. Namba ya siri imeshatumwa kwenye baruapepe yake.

"Baruapepe hiyo sinayo tena," alisema mpimaji.

"Basi mwenye nayo ndiye wewe," alisema msajili, akamtakia siku njema.

Benki walijibu hivyo hivyo, na bima pia. Mpimaji hakugombana nao. Kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa amesimama katikati ya kunde na mahindi ya watu, akiwaambia waliokuwa wakilia kwamba sheria haimtazami aliyelima, inamtazama aliyesajili. Alitafuta hoja ya kuipinga kauli hiyo, akakosa. Alikuwa ameijenga vizuri mno.

Alhamisi jioni yule aliyelichukua jina alibisha hodi. Mke wa mpimaji alimkaribisha kwa jina hilo, likatoka bila kukwama. Mgeni alikuwa mtu wa umri wa mpimaji, mwenye shati jeupe la mikono mifupi na begi moja. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alieleza kwamba yeye hakuwahi kuwa na jina la maana. Popote penye foleni aliitwa wewe wa nyuma. Aliliona hili limeachwa wazi, halina hata uzio, akalichukua. Hakuwa na haja na nyumba wala ofisi. Amekuja kwa sababu zinakuja barua, naye anaona barua hazifai kuachwa bila majibu.

Mpimaji alimwomba amrudishie.

"Ningekurudishia, ndugu yangu," alisema mgeni. "Lakini binti ameandika, na nimeshamjibu. Anakuja Jumamosi. Nikikurudishia leo, utamwandikia?"

Mpimaji alifikiri. Kulikuwa na ramani ya mashamba ya bondeni iliyochelewa. Alisema atamwandikia akipata nafasi.

Mgeni alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa. Mke wa mpimaji akamwonyesha chumba cha wageni.

Siku iliyofuata kibao cha ofisini kilikuwa kimejaa tena, herufi zote mahali pake, na mlango ulimkubali mgeni. Mpimaji alirudi nyumbani na vifaa vyake: kamba, vigingi vya chuma na miguu mitatu ya darubini. Aliviweka kwenye chumba kidogo kilichopakana na sebule, na kwa kuwa viti vya sebuleni vilikuwa vimeshapata watu wake, naye akabaki humo.

Jumamosi mchana binti alifika, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Mpimaji alikuwa amevaa koti na kusimama karibu na mlango. Binti alimpita, akaenda hadi kwa mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mguu umekubali ngazi?"

"Umekubali. Yale mazoezi uliyonitafutia yamesaidia."

Mpimaji hakujua habari za mguu. Binti aligeuka, akamwamkia naye. "Shikamoo, mzee." Alisema marahaba. Mkewe alileta chai, vikombe vitatu, kisha akarudi kuchukua cha nne.

Baadaye, mgeni alipotoka kwenda kufunga geti, mpimaji alikaa karibu na binti na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake ni yeye.

"Najua," alisema binti. "Sura yako naikumbuka vizuri. Una kovu chini ya kidevu, ulikatwa na wembe siku nilipoanza shule." Alinywa chai. "Nilivunjika mguu nikakuandikia. Nikahamishwa wodi nikakuandikia. Nilipoteza mtoto, nikakuandikia. Huyu nilimwandikia neno moja tu la kuaga, nikasema siandiki tena, akanijibu kurasa tatu."

"Nina jambo la kukwambia," alisema mpimaji.

Binti alisikia geti likifungwa. Aliweka kikombe juu ya kisahani, kwa upole.

"Niandikie," alisema.

Mpimaji aliingia kwenye chumba kidogo, akawasha kompyuta na kufungua anwani kwenye mojawapo ya yale makampuni makubwa. Mahali pa jina aliandika Bwana Niandikie, maana hilo hakuwahi kulisajili popote na hakuna aliyekuwa amemnyang'anya. Aliambiwa limeshatumika, aongeze tarakimu. Akaongeza. Kisha alimwandikia binti yake. Alifuta mara kadhaa. Mwishowe ulibaki mstari mmoja, akimuuliza mguu ulivunjikaje, na mtoto alikuwa wa kike au wa kiume.

Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakizungumza, na binti alicheka. Mpimaji alibonyeza kitufe cha kutuma. Jibu lilifika kabla hajaondoa kidole.

Nimepokea. Nitakujibu nikipata nafasi.