Ufunguo wa Pili wa Chumba cha Seva

Chumba cha seva cha maabara yetu kina mlango mmoja na funguo mbili, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikisema huo wa pili umezidi. Wa kwanza ninao mimi, unaning'inia kwenye mkanda wangu. Wa pili alipewa Mama Ndoo, msafishaji, ili afagie na kupiga deki kila Jumamosi asubuhi wakati mimi niko nyumbani. Kazini wananiita Kufuli. Wanadhani sijui. Ninajua, na aliyelianzisha jina hilo ninamjua pia.

Seva yenyewe ni sanduku la chuma lenye feni za kelele, na ndani yake mna majibu ya vipimo vyote: damu, mkojo, makohozi. Ikizima, daktari kule wodini anafungua kompyuta yake na kukuta kioo kitupu, na mgonjwa anangoja. Sasa, ndani ya wiki tano, ilizima Jumamosi tatu. Katikati ya wiki, salama kabisa. Jumamosi tu, mnamo saa mbili au saa tatu asubuhi. Na nani huwa mle Jumamosi asubuhi? Sikuhitaji mganga wa kunipigia ramli.

Mara zote tatu watu wa zamu walinipigia simu, nikaenda mbio, nikamkuta Mama Ndoo amesimama katikati ya chumba na dekio lake, mashine imenyamaza.

"Nimeikuta hivihivi, kaka," alikuwa akisema.

"Imejizima yenyewe?"

"Mimi mashine sizijui. Nakwambia nilivyoikuta."

Mtu asiyejua mashine ndiye hasa anayechomoa plagi ili kupitisha ufagio. Baada ya Jumamosi ya pili nilichora mstari mwembamba wa kalamu, nusu kwenye plagi, nusu kwenye soketi, ili plagi ikichomolewa na kurudishwa mistari isikutane. Jumamosi ya tatu mistari ilikutana vizuri tu. Mwingine angesema basi, mama wa watu hana kosa. Mimi nilisema kumbe ni mjanja kuliko nilivyomdhania, anairudisha kwa kulenga.

Nilipanda kwa meneja wa maabara, daktari mmoja wa umri wa binti yangu, nikamwambia achague kati yangu na yule mama.

"Una ushahidi, mzee?"

"Nina macho."

"Macho hayatoshi kumfukuza mtu kazi." Akagongagonga kalamu mezani. "Makao makuu wana kadi za kusimamia seva kwa mbali. Kila kinachoipata mashine, kadi inaandika, na saa yake. Tufunge moja. Jumatatu ijayo utaniletea ilichoandika. Ikiwa ni yeye, siku hiyohiyo anaondoka. Nitamwita na yeye nimwambie."

Nikafurahi. Siku za mwizi arobaini. Kisha nikauliza nani atakuja kuifunga kadi hiyo, akanitajia fundi wa makao makuu, na furaha yote ikaniisha. Fundi huyo ni mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa.

Msinielewe vibaya, kijana ana adabu. Tatizo ni hiyo adabu yenyewe, imezidi. Nilirudi nyumbani nikiwaza: kadi inayomwezesha mtu aliye mbali kuizima na kuiwasha seva kwa kidole, mimi nitabaki na kazi gani? Kushika ufunguo wa chumba ambacho hakuna anayehitaji kuingia? Nikamwambia mke wangu kikulacho ki nguoni mwako.

"Wiki iliyopita alikuwa Mama Ndoo, leo mkwe," alisema bila kuacha kukunja nguo. "Siku ukikosa wa kumshuku, utajishuku mwenyewe."

Mkwe alikuja Jumanne, kabeba kiboksi kisichozidi kiganja. "Shikamoo baba. Tuizime kwanza, kwa ruhusa yako." Nikaizima mwenyewe. Akachomoa nyaya, akafungua mfuniko, akavaa kamba yake ya mkononi ya kuzuia shoti, akaikandamiza kadi kwenye nafasi yake mpaka ikalia 'ka'. Nilisimama nyuma yake muda wote, pua yangu karibu begani mwake. Hakulalamika.

Kadi ina tundu lake la waya wa mtandao, mbali na tundu la seva. Akaipa anwani yake, akairekebisha tarehe na saa, akisema saa ikikosewa kila ilichoandika kinakuwa porojo. Hapo nilimwona ni fundi kweli, nikazidi kumwogopa.

"Sasa baba, nenosiri la kiwandani limechapwa kwenye kikaratasi hiki. Yeyote akilisoma anaingia. Weka la kwako."

Kabla sijamwambia chochote, aligeuka akatazama ukuta. Alikaa vile, mikono nyuma, mpaka nilipokohoa. Mahali pa jina la mtumiaji niliandika KUFULI, ili wajue kwamba najua.

"Kwa kawaida tunaongeza na jina la pili," alisema, "la fundi wa makao makuu, ikitokea dharura."

"Haitatokea."

"Sawa, baba. Na taarifa za onyo zije kwa nani?"

"Kwenye simu yangu. Peke yake."

"Sawa."

Kisha akanipeleka mpaka kwenye maegesho ya magari, akaniwekea kompyuta yake juu ya boneti, akasema, "Izime ukiwa hapahapa." Nikabonyeza. Nikarudi ndani karibu kwa kukimbia. Feni zilikuwa kimya na taa zote za seva zimezimika, ila nyuma, kwenye ile kadi, kitaa kimoja cha kijani kilikuwa kinakonyeza. Mashine imelala, kadi iko macho. Nywele zilinisimama, sioni aibu kusema.

Ijumaa jioni nilifunga ofisi kama ninavyofunga kila Ijumaa. Aliyenifundisha kazi hii alinifundisha kwamba adui wa kwanza wa mashine ni vumbi, na vumbi kubwa la chumba kile ni la ufagio wa Mama Ndoo. Kwa hiyo Ijumaa sharti niifunike seva. Miaka yote nilitumia shuka jepesi. Lilipochanika, wiki chache nyuma, mke wangu alinishonea kifuniko kipya kutoka kwenye pazia letu la sebuleni, zito, lenye bitana, likaenea mpaka chini kama nguo ya harusi. Nikaivalisha, nikavuta pindo, nikafunga mlango, nikajaribu kitasa mara tatu.

Jumamosi niliamka mapema, nikaweka simu mezani mbele ya kikombe cha chai na kuitazama. Saa moja na dakika kumi ikalia. Kadi inasema joto limefika nyuzi arobaini na mbili. Joto? Nilitegemea iseme umeme umekatika. Nikawaza ameingia mapema huyu, kaiwekea ndoo ya maji ya moto ubavuni. Saa moja na nusu: nyuzi arobaini na nne. Saa mbili kasoro kumi: arobaini na sita. Nilikuwa navaa viatu. Saa mbili na dakika tano: arobaini na saba, hatari, mashine inajizima.

"Nimemkamata!" nilimpigia mke wangu kelele, nikatoka.

Kwenye korido ya chumba cha seva, Mama Ndoo alikuwa amekaa juu ya ndoo yake aliyoipindua, ufagio magotini. Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa.

"Umetoka saa ngapi mle ndani?" nilimuuliza hata kabla ya salamu.

"Sijaingia, kaka. Ufunguo nilimrudishia meneja jana jioni. Nilimwambia, kama naitwa mchomoa plagi, basi nitafagia mtu mwingine akiwepo. Nakungoja wewe, nilijua utakuja."

"Hakuna aliyeingia?"

"Nipo hapa tangu saa kumi na mbili na nusu. Hata panya."

Nilifungua mlango. Joto lilinipiga usoni. Dirisha la upande wa mashariki lilikuwa limejaa jua, na katikati ya chumba seva yangu ilisimama ndani ya pazia, kimya. Niliweka mkono juu ya kitambaa. Kilikuwa cha moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Mama Ndoo alinipita, akakishika kitambaa kwa pembe mbili, akakivua, akakikunja mara nne na kukiweka juu ya kiti, pale pale nilipokuwa nikikikuta kila mara. Mikono yake ilikuwa imeshaizoea kazi hiyo.

"Kila nikiikuta imezima, hiki huwa cha moto," alisema. "Zile Jumamosi mbili za mvua, kilikuwa vuguvugu tu, na yenyewe ilikuwa inalia kama kawaida."

"Kwa nini hukusema?"

Akanitazama. "Nilikwambia, kaka. Ile mara ya kwanza. Ukaniambia nishike ufagio wangu, mashine nikuachie mwenyewe."

Nilikumbuka. Nilisema hivyo, tena kwa sauti, watu wa zamu wakicheka.

Akaenda kuchota maji. Niliiwasha seva, nikafungua ukurasa wa kadi kwenye kompyuta yangu. Mistari ilikuwa imejipanga kwa saa na dakika, tangu Ijumaa saa kumi na moja na robo jioni, dakika chache baada ya mimi kuvuta lile pindo: joto linapanda. Mistari kumi na sita, kila mmoja unanitaja mimi bila kunitaja. Hakuna plagi, hakuna mtu, ni nguo ya harusi tu.

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na kitufe cha kufuta kumbukumbu zote.

Nitasema nilichokifanya, kwa sababu nimechoka kukibeba. Nilifikiria miaka yangu kazini, na ile siku nilipopanda kwa meneja na kusema nina macho. Nilifikiria watu wa zamu watakavyocheka, na safari hii si Mama Ndoo watakayemcheka. Nikabonyeza. Na zile taarifa za kwenye simu nikazifuta. Ukurasa ukawa mweupe, nikashusha pumzi.

Kisha mstari mmoja ukajiandika wenyewe. Jumamosi, saa mbili na dakika hamsini na moja. Kumbukumbu zimefutwa. Mtumiaji: KUFULI.

Niliufuta na huo. Ukaja mwingine kama huo, dakika hamsini na mbili. Kadi ile iliandika hata kule kufuta, na mwenye jina ni mmoja tu, kwa amri yangu mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na bado akili yangu haikukoma. Ilinipa njia nyingine, tena nzuri: nitasema ni mkwe. Fundi ndiye aliyeifunga, fundi anajua milango ya nyuma, labda alinichungulia nikiandika. Meneja angeamini. Nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno kichwani, ndipo ikanijia picha ya yule kijana ametazama ukuta, mikono nyuma, akisubiri nikohoe. Hapo ndipo aibu ilipoingia. Sijawahi kuona aibu kama ile, nilikaa kwenye kiti juu ya pazia la mke wangu na machozi yakanitoka.

Jumatatu niliweka pazia mezani kwa meneja, likiwa bado na mikunjo ya Mama Ndoo. Nilimweleza la joto, la kufuta, hata la mkwe ambalo sikulifanya. Alilisogeza pazia pembeni.

"Kazi ya yule mama ilikuwa imebakiza leo tu kumtoka," alisema. "Unaelewa, mzee?"

"Naelewa, daktari."

Akafungua droo, akatoa ufunguo wa pili. "Mpelekee wewe mwenyewe."

Nilimkuta kwenye sinki la nyuma akikamua dekio. Nilimwomba radhi, si kwa maneno mengi. Aliitikia kwa kichwa, akasema amenisikia. Nikamnyooshea ufunguo. Alijifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole, ila hakuunyoosha mkono.

"Miaka kumi na moja nimeutunza huo, kaka. Haukupotea hata siku moja. Sasa kaa nao wewe."

"Jumamosi utaingiaje?"

"Utakuja unifungulie. Usimame mlangoni unitazame mpaka nimalize. Si ndivyo ulivyotaka?"

Leo ni Jumamosi ya nne. Seva haijazima tena, na mkwe nimempa jina la pili kwenye kadi, akashukuru kana kwamba nimemzawadia kitu. Funguo zote mbili ziko kwenye mkanda wangu. Saa mbili asubuhi huwa nipo mlangoni. Mama Ndoo hunisalimia vizuri, huingia, hufagia, hupiga deki. Akimaliza husimama mbele yangu, hunionyesha mikono yake yote miwili, mitupu, kisha hubeba ndoo yake na kwenda zake.